Diski Kutoka Dundori

Micah aliizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, na diski ikaendelea kuzunguka.

Alisimama na waya mkononi akisikiliza. Ndani ya kile kisanduku cha bati mlitoka mlio mdogo, ta, ta, ta, kama wa mtu anayegonganisha meno kwa baridi. Kisha ukanyamaza. Alijiambia ni stima iliyobaki ndani, akaenda kunywa chai yake. Alikuwa ameipenda ile diski, na aliyependa hakosi kisingizio.

Ilikuwa Machi 2008, vurugu za uchaguzi zimetulia, na kompyuta yake kuukuu ya nyumbani, pale mtaa wa Section 58, ilikuwa imejaa pomoni. Diski yake ya giga nne haikuwa na nafasi ya hata picha moja zaidi ya Jackie. Jackie alikuwa binti yake wa miaka sita, mtoto waliyempata yeye na mkewe Wamuyu baada ya kungoja miaka tisa, na Micah alimpiga picha hata akipiga mswaki. Wiki mbili nzima aliwachosha watu kwa maswali: giga kumi au ishirini, mpya au iliyotumika, itaingia kwenye kompyuta ya zamani au itakataa? Dukani kwa Varun, mjini, mpya za kumfaa zilikuwa zimekwisha tangu barabara zifungwe Januari. Ilibaki moja iliyotumika, ya giga ishirini.

"Hii imetoka juu mashambani, Dundori," Varun alimwambia kwa sauti ya chini. "Kwa nyumba iliyochomwa. Sitaki kukuficha, boss. Ukifika tu, format, futa yote. Usifungue kitu."

"Kwani iko na virusi?"

"Format tu, Micah. Mimi nilifungua mara moja."

Nyumbani Micah aliifunga diski chini ya ile ya zamani, akahamisha kile kipini kidogo cha nyuma kinachoiambia kompyuta ipi iongoze na ipi ifuate, akakaza skrubu. Kisha, bila shaka, akafungua. Mlikuwa na folda moja tu, na ndani yake picha za familia: mwanamume na mwanamke mbele ya nyumba ya mbao, shamba la viazi nyuma yao, na msichana wa rika la Jackie.

"Usifute," Wamuyu alisema. "Na wakiwa kwa kambi ya wakimbizi, pale Showground? Zingekuwa zetu, ungetaka mtu azifute?"

Huruma hiyo ndiyo iliyowaponza. Micah aliziacha picha za watu mahali pake, akahamishia kando yake zote za Jackie, mia mbili na kumi na mbili, na kule kwenye diski ya zamani akazifuta ili apate nafasi. Jumapili mbili alizunguka kambini akiuliza. Hakuna aliyeijua ile familia.

Wiki ya tatu nyumba ilianza kunuka viazi vilivyoungua. Wamuyu aliosha mapazia, akaosha shuka, na harufu ikabaki. Kisha akamkuta Jackie mchana kweupe ameketi mbele ya kioo cha kompyuta kilichozimwa, akinong'ona.

"Unaongea na nani, mama?" Wamuyu alimuuliza.

"Yule wa kwa picha. Anasema kwao ni baridi. Anataka tubadilishane."

Jioni hiyo Micah alifungua folda, akaona: kwenye picha ya bathdei ya Jackie keki ilikuwapo na watu wakipiga makofi lakini kiti cha katikati kilikuwa kitupu, na ya Krismasi vivyo hivyo, na ya siku ya kwanza shuleni ilikuwa lango tupu na begi likining'inia hewani, huku kwenye picha za wale watu wa Dundori, mlangoni pa ile nyumba ya mbao, Jackie wake alikuwa amesimama na sare yake ya shule akimtazama bila kucheka. Kila siku picha nyingine ilibaki tupu, na kila siku mtoto mwenyewe alizidi kuwa baridi, hali chakula, haongei, na daktari aliyempima hakuona kitu. Micah aliogopa kama hajawahi kuogopa, hata Januari.

Wamuyu alimleta maalimu kutoka mtaa wa Bondeni, mzee mpole ambaye hakuigusa kompyuta kabisa.

"Huyo si mtoto wa wale watu," alisema taratibu. "Mtoto wao amepumzika, Mungu amrehemu. Hili ni jini. Limeingia magofuni, likakuta sura haina mwenyewe, likaivaa. Sasa linataka na mwili."

"Tufanye nini, mzee?" Micah aliuliza.

"Rudisha picha zako kwa diski ya zamani, moja moja. Kila picha, mama amwite mtoto kwa jina. Akishaitika, hamisha. Zikiisha, futa ile ya Dundori yote. Lakini nisikilizeni. Akiitika kabla hajaitwa, acheni hapo hapo mningoje." Kisha akaenda msikitini kuswali alasiri.

Walianza. "Jackie," Wamuyu aliita, na mtoto aliyelala kochini akajibu, "Mama," kwa sauti ndogo kama ya kisimani. Micah akahamisha, na uso ukarudi kwenye picha. Ya arobaini, ya themanini. Diski iligonga bila kupumzika. Ilipofika ya mia na hamsini mtoto aliketi. Ya mia na tisini mashavu yake yalikuwa na joto, na alikuwa anasema "Mama" kabla jina halijatoka kinywani mwa Wamuyu, naye Wamuyu alikuwa analia na kucheka pamoja.

Micah alikumbuka onyo la maalimu. Alifungua mdomo. Taa ikapepesa, akawaza stima ikipotea sasa watapoteza kila kitu, na zaidi ya hapo hakuwa na moyo wa kumnyamazisha mtoto aliyerudi kutoka kaburini, kwa hiyo akahamisha zilizobaki mpaka ya mwisho, akaamuru kompyuta ifute.

Mara kile kisanduku kikaanza kupigwa kwa ndani, si ta, ta, ta ya siku zote bali mapigo ya viganja vidogo juu ya bati, ya haraka, ya kuomba, yakizidi na kuzidi kadiri mstari wa kufuta ulivyojaa kwenye kioo, mpaka ukafika mwisho na pakawa kimya. Harufu ya viazi vilivyoungua ilikwisha papo hapo. Wamuyu alimpa mtoto mkate.

Maalimu aliporudi alisimama mlangoni, akamtazama yule msichana kwa muda mrefu, na hakuvua viatu.

"Aliitika vipi?" aliuliza.

Aliyejibu ni mtoto, akitafuna.

"Yule mwingine pia alikuwa anaitika," alisema. "Lakini mimi nilikuwa naitika haraka."