Mpime na Mguu!

Nimetoka kusuuza chupa ya maziwa, dakika tano tu, narudi wodini… nakuta mume wangu ameinama kwenye meza ya manesi, kalamu mkononi.

Anasaini karatasi ya kumtoa mwanetu hospitali!

"Baba Bosi, unafanya nini?"

Anaendelea kuandika jina.

Pembeni, mama mkwe keshamvalisha mtoto kofia, sweta na soksi mbili mbili, utadhani wanahamia mwezini.

Ngoja niwaelezee kidogo msije mkapotea.

Bosi ni mwanangu, miezi minne. Tunamwita hivyo kwa sababu akikohoa, nyumba nzima inasimama. Alizaliwa na hitilafu ya moyo: mshipa mkubwa unaosambaza damu mwilini ulikuwa umebana sehemu moja, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Akapasuliwa akiwa na siku kumi na mbili.

Siku ya kuruhusiwa, sista wa kliniki ya moyo alichukua vidole vyangu viwili akaviweka kwenye kinena cha mtoto.

"Unasikia mapigo? Kila ukimwogesha, gusa hapa. Mshipa ukibana tena, hapa patanyamaza na miguu itapoa. Usisubiri ruhusa ya mtu. Njoo!"

Miezi yote hiyo nimegusa, panaongea.

Wiki hii… pakanyamaza. Nikamkimbiza hospitali, akalazwa.

"Daktari wa zamu kampima, presha nzuri," mume wangu akasema akiangalia viatu vyake. "Twende nyumbani."

"Kampima wapi?"

"Mkononi. Kwani presha inapimwa puani?"

Mama mkwe akadakia. "We binti umesomea udaktari lini? Kila siku miguu baridi, miguu baridi! Mume wako huyu ana miguu baridi tangu namzaa, mbona kakuoa?"

Wodi nzima ikacheka.

Nami kidogo nicheke, maana ni kweli jamani! Miguu ya yule mwanaume ni chura mtupu. Kitandani tuna mpaka, akiuvuka namrudisha kwao.

Lakini mimi nikiogopa natania. Nikikasirika naacha.

Siku hiyo niliacha.

Nikaichomoa ile karatasi chini ya kalamu yake, nikaikunja, nikaikalia!

"Mama Bosi, unanitia aibu mbele za watu…"

"Aibu tutaishughulikia mtoto akiwa hai."

Daktari wa zamu akaja mbio. Kijana, kalamu tatu mfukoni. "Kuna tatizo, mama?"

"Mpime na mguu."

"Kwa kawaida tunapima mkono…"

"Mkono unapata damu kabla ya pale palipobana. Ukifungua bomba la jikoni, utajuaje kama maji yanafika bafuni?"

Akavuta mashine ya presha.

"Nikipima nikakuta sawa, utaondoka?"

"Naondoka naimba."

Soksi zikavuliwa. Mkanda mdogo ukafungwa mkononi. Mia moja na kumi na nne.

Ukahamia mguuni.

Sabini na mbili!

Akarudia. Sabini na moja.

Hakuniita mama tena. "Dada… nisamehe." Akakimbilia simu.

Daktari wa moyo alikuwa mama mmoja mfupi, hana maneno mengi. "Kovu la upasuaji limeubana mshipa. Tutapitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi pale. Kwenye ncha una puto dogo. Tunalijaza, linapanua mshipa, tunalitoa. Sikufichi, mshipa unaweza kuchanika. Lakini tukiuacha hivi, moyo utachoka."

"Puto?" mama mkwe akapiga kelele. "Ndani ya mjukuu wangu? Hii bethidei?"

Mume wangu akamwangalia mama yake. Akaniangalia mimi. Akaishika kalamu juu ya fomu ya ridhaa, hasaini.

Nikampokonya. Nikasaini mwenyewe, kwa herufi kubwa!

Kwa muda wa saa mbili na nusu nimesimama mlangoni mwa chumba walichomwingiza Bosi. Niliambiwa nikae, nikakataa. Niliambiwa ninywe chai, nikakataa. Hata kulia nilikataa.

Mlango ukafunguka. Sista yule yule wa kliniki ya moyo.

"Gusa."

Nikapeleka vidole…

Tu! Tu! Tu! Tu!

Pameongea, jamani! Pameongea!

Hapo ndipo nililia. Daktari wa moyo akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Kwenye ukoo kuna mwingine mwenye tatizo hili?"

"Hakuna!" mama mkwe akaruka. "Ukoo wetu mioyo chuma!"

Mimi nikageuka taratibu. Nikamtazama mwenye miguu ya chura.

"Daktari… mpime na huyu."

"Mimi? Mimi kichwa tu ndio kinaniuma, uchovu wa kazi…"

"Vua soksi, Baba Bosi."

Mkono: mia moja themanini na mbili.

Mguu: mia moja na kumi na mbili.

Daktari akavua miwani. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa…"

"Umetembea na mshipa uliobana miaka ishirini na tisa."

Mama mkwe akakaa chini sakafuni. "Tangu namzaa," akanong'ona. "Nilikuwa namvalisha soksi…"

Picha zimethibitisha. Yuko kwenye orodha, zamu yake ya puto inakuja. Ule mpaka kitandani nimeufuta, kwa sasa tu, asizoee!

Nanyi mnaosoma: watakwambia mtoto mzima, watakuita mjuaji, watacheka wodi nzima. Kama vidole vyako vinakataa, usisogee. Kalia karatasi!

Mama mkwe? Jana nimemkuta anapita kitanda hadi kitanda, mkono kiunoni.

"We binti, wako wamempima mguu?"