Nafasi ya Saba

Siku ile ilianza kama siku zote. Watu kumi na mmoja walipanda mlima wa hifadhi ulioungua, majembe begani, miche kwenye makarai. Shemeji, msimamizi wao, aliwatania kwamba kwa masizi yale hata mama mzazi asingemtambua mwanawe.

Mama Miche, mjane wa kaka yake, hakucheka. Mvua ilikuwa karibu, na ofisi ya hifadhi ilishasema: mteremko usipopandwa miti upesi, udongo utaporomoka, kwa hiyo nyumba za chini zitahamishwa. Ya kwake ilikuwa ya kwanza.

Walifanya kazi kwa mstari. Kila baada ya hatua kumi walihesabu kwa sauti, maana mizizi iliyoungua huacha mashimo ya makaa chini ya majivu. Nambari isipoitika, mtu ametumbukia. Saba ilikuwa ya marehemu mume wa Mama Miche, mlinzi wa msitu, ambaye moto ulimchukua kisionekane hata kifungo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini wao kwa heshima walimwachia nafasi wazi. Sita, kimya kidogo, nane. Hapo ndipo walipokosea.

Saa sita mchana, jua la utosini, walihesabu.

"Tano."

"Sita," akasema Shemeji.

"Saba."

Sauti ilitoka chini, karibu na goti la Mama Miche, nambari nane. Majembe yakaanguka. Watu wakatimua mbio. Walibaki Shemeji na Mama Miche tu.

"Shemeji, tushuke," akanong'ona yule msimamizi.

"Nishuke niende wapi?"

"Huyo si kaka."

"Najua. Kaka yako hakuwahi kuitika mara moja."

Mama Miche aliogopa. Lakini hasira ilizidi. Mlima ulishamla mume, sasa unataka na nyumba?

"Nane," akasema, mpaka bondeni wakasikia. Akachimba. Akapanda. Akasogea.

Kwenye nafasi ya saba majivu yakaanza kufukuka. Hapakuwa na mkono. Hapakuwa na jembe. Shimo baada ya shimo, sambamba naye. Hakugeuza shingo. Shemeji alifuata nyuma, akilia na kupanda.

Kileleni, shimo la mwisho halikuwa la mche. Lilikuwa refu, limekata kuingia mstari wa nane. Kimo chake kilikuwa cha Mama Miche.

Akalimwagia miche yote iliyobaki.

"Sikukutuma unichimbie kaburi," akasema. "Hapa tunapanda miti."

Akafukia, akashindilia kwa visigino.

Mvua ilipokuja, udongo haukusogea hata shubiri. Nyumba zipo mpaka leo. Siku hizi hawaruki nambari. Mama Miche ndiye saba.

Miti ya kileleni imeshampita kimo. Ila kila asubuhi, hata mvua ikinyesha usiku kucha, chini yake hukutwa majivu makavu, yamelala urefu wa mtu. Yana joto. Mama Miche huyafagia, kisha hurudi kunywa chai.