Mchezo wa Pumzi Sitini

Mama Pacha alikuwa mfuaji wa nguo katika kituo cha afya. Kila siku alifua mashuka ya wodi ya wazazi. Aliyakamua, akayaanika, kisha akayakunja yakalala kama karatasi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini msikivu. Ndiyo maana mtaa ulipotakiwa kuchagua mhudumu wa afya, watu walimtaja yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba. Mhudumu huangalia wajawazito na watoto wachanga. Akiona dalili ya hatari, huhakikisha mgonjwa anafika kituoni upesi.

Mama Pacha alihudhuria mafunzo wiki tano. Aliandika kila neno. Mtihani ulipokuja, alipata maswali saba kati ya ishirini.

Muuguzi aliyewafundisha alimwita pembeni.

"Mama Pacha, nakujua wewe si mvivu," alisema. "Nakupa wiki sita urudie. Ukishindwa, itabidi mtaa uchague mwingine."

Akarudi nyumbani na daftari lake. Alisoma akipika, alisoma akila. Ukurasa ukifungwa, maneno yanatoka. Ilikuwa kama kuteka maji kwa tenga.

"Rangi ya mara moja haishiki ukutani," mumewe alimwambia. Yeye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi. "Soma tena."

"Nimesoma mara kumi, Baba Pacha. Labda ukuta ndio mbovu."

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Hakuna kichwa kibovu, mwanangu," alisema. "Mimi sijui hata a, lakini najua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa huu."

Jumamosi moja mchana, jirani yao alikuja kurekebisha mlango wa kabati. Jirani huyo alikuwa mwanamke seremala. Alitengeneza michezo ya mbao kwa ajili ya shule za chekechea, na wote walimwita Fundi. Pacha wawili, wasichana wa miaka kumi, walikuwa sakafuni wakicheza karata.

"Hamchoki na michezo?" Mama Pacha aliwafokea. "Mwalimu analia kila siku kwamba hamkumbuki kitu."

"Subiri kidogo, mama," mmoja alijibu. "Nangoja saba. Saba mbili zimeshatupwa, moja dada ameiokota, kwa hiyo imebaki moja tu."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Umemsikia?" alimuuliza Mama Pacha. "Huyo ndiye asiyekumbuka kitu?"

Mama Pacha aliwatazama wanawe. Kweli, hakuwa amewahi kulifikiria.

"Lete hilo daftari," Fundi alisema. Akalipekua. "Tazama. Daftari linakuambia tu, halikuulizi. Ukilisoma mara kumi, unadhani unajua, kumbe umezoea sura ya maneno. Mchezo haukuachi hivyo. Unakuuliza, unajibu kutoka kichwani mwako, na papo hapo unajua kama umepatia au umekosa. Ukikosa, zamu inazunguka, unapata nafasi nyingine. Kule kujitafutia jibu kichwani ndiko kunakolikaza."

"Fundi, mimi ni mtu mzima. Na uhai wa mtoto si mchezo."

"Hasa. Ndiyo maana ni heri ukosee hapa mezani kuliko mbele ya mtoto mgonjwa."

Mama Pacha alivuta kiti karibu na meza.

Jioni ile ile walianza. Fundi alileta kipande cha plaiwudi. Baba Pacha alitoa mabaki ya rangi, akachora njia yenye vituo thelathini, kutoka nyumbani hadi kituo cha afya. Pacha walikata kadi za karatasi ngumu. Kila kadi waliichora picha ya mtoto, na chini yake Mama Pacha aliandika maneno machache: mtoto hanyonyi, kitovu kinatoa usaha, mtoto anapiga chafya, mtoto ana degedege.

Kanuni zilikuwa rahisi. Unachukua kadi. Unataja rangi na kueleza sababu, na jibu linahakikishwa kwenye daftari. Kijani, mtoto atunzwe nyumbani. Njano, apelekwe kituoni leo. Nyekundu, mkimbize sasa hivi. Ukipatia, unarusha dadu na kete yako inasonga. Ukikosa, kete inarudi mwanzo.

Mchezo wa kwanza uliharibika. Mama mkwe alifika kituo cha ishirini na sita. Akakosea kadi moja, kete yake ikarudishwa nyumbani. Akacheza tena, akakosea tena. Akaisukuma kete kando.

"Mimi basi," alisema. "Nimefika uzee huu sijaaibishwa na kipande cha ubao."

Baba Pacha alicheka. Fundi hakucheka.

"Bibi ana haki," alisema. "Mchezo ukimfukuza mchezaji, kosa ni la mchezo. Tuubadilishe. Bibi, ungependa uweje?"

Mama mkwe alifikiri. "Nikikosa, niambiwe jibu, nibaki nilipo. Halafu kadi hiyo isinikimbie. Irudi kabla sijasahau."

Fundi alimtazama kwa mshangao. Jambo hilo yeye alilijua baada ya miaka mingi ya kuwatazama watoto wakicheza. Bibi alilipata kwa usiku mmoja, kwa kuumia.

Wakafanya hivyo. Kadi iliyokosewa iliwekwa chini ya kadi tano, ili irudi upesi. Walianza na kadi nane tu. Kila walipozizoea, waliongeza nne. Mchezo haukuwa mwepesi wa kuchosha, wala mgumu wa kukatisha tamaa.

Kisha pacha walibuni kitu chao. Mmoja aliingiza mkono chini ya kitambaa, akawa anauinua na kuushusha kama kifua cha mtoto anayepumua. Mchezaji alitakiwa kutazama saa ya ukutani na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta pumzi sitini au zaidi kwa dakika, hesabu tena. Zikiwa bado sitini au zaidi, hiyo ni nyekundu.

"Mimi sisomi saa," mama mkwe alisema.

"Huhitaji kuisoma, bibi. Tazama ule mshale mwembamba unaokimbia. Ukizunguka mara moja, dakika imekwisha."

Basi bibi akahesabu. Alihesabu polepole mwanzoni, akapotea alipofika arobaini. Siku ya nne hakupotea tena. Baada ya wiki mbili, hakuna aliyemshinda. Picha alizisoma kabla pacha hawajamaliza kusoma maneno. Mama Pacha naye alijikuta akifua mashuka huku dalili zinajipanga zenyewe kichwani, moja baada ya nyingine. Alishangaa. Hakuhisi kama alikuwa amesoma.

Jumatano moja, kabla ya saa sita mchana, Mama Pacha alikuwa anakamua shuka uani kwenye kituo cha afya. Akasikia sauti anayoijua langoni. Akageuka. Mama mkwe wake, aliyekuwa akilalamika magoti kila asubuhi, alikuwa anakuja mbio. Nyuma yake alikuja jirani yao mwingine, aliyejifungua siku sita kabla. Mtoto alikuwa ndani ya nguo ya mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto.

Muuguzi alitoka mlangoni. "Kuna nini?"

Mama mkwe alishika ukuta, akavuta pumzi.

"Nilikwenda kumsalimu mzazi," alisema. "Mtoto hanyonyi tangu alfajiri. Nimehesabu pumzi mara mbili. Sabini na mbili, halafu sabini na nne. Akivuta, kifua kinabonyea ndani, hapa chini ya mbavu. Hii ni nyekundu."

Muuguzi hakuuliza nyekundu ni nini. Alimchukua mtoto, akaingia naye ndani.

Mama Pacha alibaki amesimama. Maji ya shuka yalimchirizikia miguuni, hakuyasikia. Alimtazama yule mama mzee kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hajawahi kushika kalamu. Hajawahi kuingia darasani hata kufagia. Na maneno aliyoyasema pale ukutani ndiyo yale yale yaliyomshinda yeye mwenyewe katika mtihani.

"Mama," alisema taratibu, "umeyakumbukaje yote hayo?"

"Sikuyakumbuka," mama mkwe alijibu. "Niliiona kadi."

Wakakaa kwenye benchi. Saa ilipita. Hatimaye muuguzi alitoka.

"Ni kichomi," alisema. "Tumemchoma sindano, na sasa anapewa hewa ya oksijeni. Anaanza kupata nafuu. Mngesubiri mpaka jioni, sijui ningewaambia nini." Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, nani alikufundisha kuhesabu pumzi?"

"Hakuna aliyenifundisha. Tulikuwa tunacheza."

Baada ya siku tisa mtoto alirudi nyumbani akinyonya kwa nguvu. Wiki hiyo hiyo Mama Pacha alirudia mtihani. Alipata kumi na tisa kati ya ishirini. Swali moja alikosa kwa sababu aliandika "nyekundu" mahali pa kuandika "apelekwe haraka." Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaomba aletewe huo ubao.

Siku hizi wahudumu wapya hujifunza kwa kucheza, na daftari hulifungua baadaye, kuhakikisha majibu. Fundi huwaambia kila mara: "Msiuogope ubao huu. Ukiwachosha, ubadilisheni. Wachezaji ndio wanaojua panapouma."

Mama mkwe naye hakuishia hapo. Siku moja aliishika kadi, akaweka kidole chini ya picha.

"Fundi," alisema, "na hivi vidudu vyeusi vya chini, je? Navyo vina mchezo wake?"

Vilikuwa na mchezo wake. Fundi alikata silabi za mbao, pacha wakazipaka rangi, na nyumba nzima ikaanza kuziunganisha mezani. Ilichukua miezi mingi. Silabi zilizokosewa zilirudi, zikakosewa, zikarudi tena.

Asubuhi moja mama mkwe alimsindikiza Mama Pacha kazini. Walipofika langoni alisimama ghafla. Juu palikuwa na kibao cha bati ambacho alikuwa amepita chini yake maisha yake yote. Aliinua uso. Midomo yake ilitembea kwanza bila sauti.

"Ki-tu-o," alisoma. "Cha. A-fya."

Mama Pacha alisimama kando yake, hakumharakisha.

"Kumbe pameandikwa," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaanza tena kutoka mwanzo, ayasikie maneno vizuri.