Kitabu Kilichovalishwa Kaki

King'ora cha kiwanda cha kamba ndicho kilichokuwa saa ya Majengo, pale Thika. Kikilia jioni, wanawake walibandika sufuria za irio. Watoto walikimbia barabarani kuwapokea baba zao. Warigia, binti wa Wamboi na Gachanja, ndiye aliyekuwa mbele siku zote. Alimpokea baba yake mkebe wa chakula, akauchungulia. Gachanja alikuwa hakosi kumbakizia kipande cha kiazi kitamu.

Warigia alikuwa na miaka kumi na miwili. Maneno yalimtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Mama yake alimwambia anyamaze angalau wakati wa kutafuna.

Halafu mwezi wa saba wa mwaka 1959 akanyamaza kweli.

Mwezi huo ukungu wa mto Chania ulipanda mpaka milangoni. Ukisimama uani huoni choo. King'ora kililia, watoto wa jirani wakakimbia, wakamezwa na ule weupe. Warigia hakutoka. Alichukua kigoda, akakigeuza kuelekea mlangoni, akaketi.

"Unatazama nini?" mama yake akamwuliza.

"Sitazami. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Viatu."

Wamboi alicheka kidogo. Halafu naye akavisikia. Kwa, kwa, kwa, polepole kwenye changarawe. Vikafika mlangoni, vikanyamaza. Mlango ukasukumwa.

Alikuwa Gachanja tu, na koti lake lililolowa. Akanyoosha mkono amsalimu binti yake. Warigia akaficha mikono nyuma, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta. Gachanja alibaki na mkono wake hewani. Aliurudisha mfukoni.

Ikawa hivyo kila jioni. Mtoto hali vizuri. Shuleni hainui macho. Mwalimu wake mmoja, mwanamume mpole sana, alimwita ubaoni, naye akatetemeka mpaka chaki ikaanguka. Nyumbani alikuwa akinong'ona, "Anakuja." Ukimwuliza nani, hajibu.

Tena hofu ile haikukaa kwa mtoto peke yake. Alasiri moja Wamboi alikuwa akichambua maharagwe. Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani. Akasikia viatu vinakuja katika ukungu, vizito, bila haraka, vikasimama nje ya mlango wake. Alingoja sauti ya kubisha hodi. Hakuna. Akafungua kwa ghafula. Hakuona mtu, wala hakuona alama kwenye matope. Nywele za shingoni zilimsimama, nami simlaumu.

Watu walianza kusema. Mmoja alisema nyumba imejengwa juu ya kaburi. Mwingine alisema mtoto ameitwa na mizimu ya maporomoko ya mto. Maneno hayo yalimfikia Gachanja kiwandani, yakamchoma.

"Jumamosi nampeleka kwa cucu, nyanya yake, kule Gatundu," akamwambia mkewe. "Wazee wamwombee. Shule basi."

"Baba Warigia, hata shule aache?"

"Mtoto wangu mwenyewe ananiogopa kama fisi! Shule itanisaidia nini?"

Wamboi aliumia. Yeye hakuwahi kukanyaga shule utotoni. Kusoma alijifunzia ukubwani, darasa la jioni la kanisa, na mpaka sasa alisoma Kiswahili kwa kufuatisha kidole. Kiingereza hakujua hata kidogo. Tamaa yake yote ilikuwa Warigia asome mpaka achoke. Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja, na shule ingeishia hapo.

Ijumaa alimwita jirani yake, Sista Kalondu, Mkamba aliyekuwa muuguzi zahanati. Kalondu alikuwa mwanamke mfupi, mkali kwa wachafu na mpole kwa wagonjwa. Alimpima Warigia homa, akamtazama macho, akamwambia akae kitandani apumzike.

"Homa hana," akamwambia Wamboi. "Na mimi siamini kaburi. Huyu mtoto alibadilika lini?"

"Baada ya shule kufungwa ile ya mwezi wa nne, akaanza kidogo kidogo. Mwezi huu ndio imezidi."

"Akiwa peke yake hufanya nini?"

"Anasoma!" Wamboi alisema kwa fahari, hata katika shida ile. "Alikuwa namba mbili darasani. Nikamnunulia zawadi mimi mwenyewe, kwa Bedan muuza vitabu. Nilichagua kile kinene kuliko vyote."

Kitabu kilikuwa juu ya rafu, bega kwa bega na Biblia. Kilifunikwa vizuri kwa karatasi ya kaki, kama vitabu vyote vya shule. Kalondu alikifungua katikati, akasoma mistari michache ya Kiingereza. Akafungua mahali pengine. Uso wake ukabadilika. Kisha akaanza kuivua ile kaki.

Chini yake kulikuwa na picha. Mwanamke ameketi chumbani, gauni la kulalia limemteremka begani. Mlango uko wazi nusu. Kwenye kizingiti kumesimama viatu vya mwanamume, vyeusi, na juu ya viatu hakuna mtu, ni kivuli tu. Wamboi alitazama mlango wa kwenye picha, kisha akatazama mlango wake.

"Mama Warigia," Kalondu alisema kwa sauti ya chini, "hiki kitabu si cha mtoto. Ni mambo ya kitandani ya watu wazima. Tena huyu mwanamume anaingia kwa wanawake kwa nguvu, na aliyeandika anamsifu."

"Lakini ni kitabu!"

"Ni kitabu."

Wamboi aliketi chini. Kwao watu wa kwanza kujua kusoma walikuwa watu wa kanisa. Kitabu cha kwanza kuingia nyumbani kwa baba yake kilikuwa Biblia. Basi yeye aliona vitabu vyote ni ndugu wa baba mmoja. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na yeye alikuwa amempeleka mwanawe katika giza hilo kwa mkono wake.

"Nitampiga," akasema, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umpige kwa kosa gani? Ulimpa, akasoma. Ukimpiga atafunga mdomo, na hofu itabaki ndani. Mwulize taratibu. Na akisema, usipige kelele."

Wakaenda kuketi naye kitandani. Wamboi alimshika mkono.

"Mama, nilielewa nusu," Warigia alisema, macho chini. "Kiingereza chake ni kigumu. Ile nusu nyingine niliijaza mwenyewe."

"Ukaijaza na nini?"

"Kitabu kinasema wanaume wote ni hivyo usiku ukija. Wanangoja tu. Nikafikiri na mwalimu. Nikafikiri na…" Hakumalizia. "Nilijua ni kweli, kwa sababu mama ulikiweka na Biblia."

Wamboi alifunika uso kwa leso, akalia bila kujificha. Kalondu ndiye aliyeendelea.

"Warigia, nakuuliza, na hakuna atakayekukasirikia. Kuna mtu amekugusa vibaya, au kukutisha?"

"Hapana, Sista. Ni kitabu tu."

"Vizuri. Sasa sikia. Hiyo ni hadithi ya kutungwa. Wanaume wote si hivyo. Anayemlazimisha mtu ana makosa yeye, si yule aliyelazimishwa. Ukiona mtu wa namna hiyo, piga kelele, kimbia, mwambie mama. Na mambo ya watu wazima ukiwa na swali, uliza. Kuuliza si dhambi."

"Na vile viatu?" Wamboi aliuliza kwa aibu. "Mimi pia nilivisikia."

"Hofu huambukiza kama upele," Kalondu alisema. "Nyumba nzima hujikuna."

Gachanja alipoambiwa jioni ile, alitoka nje akakaa kwenye ukungu muda mrefu. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini kesho yake safari ya Gatundu haikutajwa. Na kazini alipotoka, alivua viatu vyake kwenye kona ya barabara, akavishika mkononi, akaja miguu mitupu katika tope la baridi. Akiwa mbali aliita, "Warigia! Ni baba! Nakuja!" Majirani walimcheka. Alifanya hivyo kila siku. Siku kadhaa zilipita, mlango umefungwa. Ndipo jioni moja mlango ukafunguka, na mkono mdogo ukatoka kupokea mkebe. Gachanja aliniambia mwenyewe kwamba alijifanya anakohoa.

Duka la Bedan Wainaina lilikuwa karibu na stesheni. Wamboi na Kalondu walimkuta peke yake. Ndani mlikuwa na giza la mvua, na meza ndefu iliyojaa vitabu. Vyote vilivaa kaki. Hakuna chenye uso. Wamboi aliona kama vinamtazama.

"Ni kwa ajili ya vumbi," Bedan alisema alipoulizwa.

"Na hiki?" Kalondu aliweka mezani kile kinene, bila kaki.

Bedan aligeuza macho. "Askari wa Kizungu walipofunga kambi, niliuziwa masanduku ya vitabu vyao. Zingine zilikuwa na picha za aibu. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikazifunika."

"Ukafunika aibu, ukaniuzia!" Wamboi alipaza sauti mpaka mpita njia akasimama. "Mimi sijui Kiingereza, Bedan. Nilikuamini!"

"Mama Warigia, mimi nauza vitabu. Mimi si mlezi wa watoto wa watu. Na watu wazima wananunua hizo. Nitawakataza?"

"Hakuna amesema uwakataze," Kalondu alijibu. "Mtu mzima achague mwenyewe, na ajue anachochagua. Lakini dawa ya panya huiweki na sukari, eti kwa sababu zote ni unga. Weka juu, nyuma yako. Mtoto akitaka, mwambie hapana. Mzazi akinunua, mwulize ni cha nani."

Bedan alinung'unika juu ya kazi nyingi na mapato kidogo. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameumbuka mbele ya barabara nzima. Akaleta kisu. Wakaanza kuvua kaki, kitabu baada ya kitabu. Vya hesabu na vya hadithi za wanyama wakaviacha mezani, karibu na mlango. Vya watu wazima wakavipandisha rafu ya juu kabisa, nyuma ya kaunta. Ambavyo Bedan hakuvielewa, Kalondu alivisoma kidogo kwanza.

Karibu na mwisho kisu kikafunua mlango ule ule, na viatu vile vile.

"Ziko ngapi?" Wamboi aliuliza.

"Zilikuwa tatu." Bedan aliweka kisu chini. "Ya tatu alichukua Syokau, yule wa kuosha kahawa kule Ruiru. Alikuwa anatafutia binti yake. Alitaka ile nene."

Nje treni ilipiga honi katika ukungu.

Jumapili Wamboi aliondoka baada ya ibada. Warigia alikataa kuachwa. Walishuka Ruiru, wakauliza njia mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kahawa, safu moja ndefu ya milango inayofanana. Watoto walikuwa wakicheza nje, kelele tupu. Mlango mmoja tu ulikuwa umerudishwa. Warigia hakungoja kuelekezwa. Aliusukuma kidogo kwa vidole.

Ndani, juu ya sanduku, msichana wa umri wake alikuwa ameketi ameuelekea mlango. Macho yalikuwa makavu na mapana. Karibu naye, juu ya meza, palikuwa na kitabu kinene cha kaki.

Wamboi alitaka kuingia. Warigia alimzuia kwa mkono, akaingia peke yake, akaketi kwenye sanduku lile lile.

"Mimi pia nilikisoma," Warigia alisema.

Msichana hakugeuka. "Wewe ulimwona?"

"Nilimngoja sana. Hakuja. Hayupo, ni wa kutungwa."

"Nani alikuambia?"

"Nilimwambia mama, ndipo akanieleza, yeye na Sista."

Msichana alifikiri. "Ukamwambia mama yako yale yote? Hakukupiga?"

"Hakunipiga. Alilia."

Msichana alishuka kwenye sanduku, akapita karibu na Wamboi bila kumsalimu, akatoka nje kumtafuta mama yake.