Walisema Ni Jeep ya Basoda

Nina miaka arobaini na sita. Ninakaa Mususa, hapa Butembo, na ninaishi kwa kushona nguo. Mashini yangu ninaikanyaga kwa mguu wa kushoto tu, maana wa kuume ulivunjika wakati wa vita na haukurudi sawa. Watu wakiuona wananiuliza kama ni askari walionigonga: "Ni basoda, ee?" Zamani niliitika. Leo sikubali tena, na ndiyo sababu ninawaandikia ninyi wasomaji wenzangu. Nina hasira, sitaificha.

Bwana yangu aliitwa Kakule. Miaka ile ya uasi alikuwa na pikipiki, akibeba watu na samaki kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, mpaka Butembo. Wanaoijua barabara ile wanajua inavyopanda mlima, kona juu ya kona, huku ukuta wa udongo, huku shimo. Na magari ya wakati ule... Basoda waliendesha kama barabara ni yao peke yao. Mashofere wa camion, yale malori makubwa, nao walikwenda mbio wakiwakimbia basoda.

Kakule hakukimbia. Kabla ya kila kona alipiga honi, akapunguza mwendo, akashika upande wake wa kuume. Akisikia motere, yaani injini, ya camion, aliingia kwenye majani na kusimama mpaka ipite. Wenzake walimwita Polepole. Aliwajibu: "Mu hii njia hapana kumuamini mutu. Hata ule unamujua."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Muhindo, shofere wa camion ya mfanyabiashara mmoja. Walikulia pamoja kijijini Kipese. Muhindo ndiye parrain wa mtoto wetu wa kwanza, Ester. Ndiye aliyemshika siku ya ubatizo. Kwetu alikula bila kungoja kualikwa.

Siku ile ilikuwa mchana, mvua ndogo inanyesha. Nilikuwa nyuma ya Kakule, na kikapu cha samaki nyuma yangu, tunapanda. Tulipofika kwenye kona moja mbaya alipiga honi, akasikiliza. Hakuna motere. Akapiga tena. Kimya. Tukaingia.

Juu ya bega lake nikaona chuma, kipana, kinakuja bila sauti yoyote. Kakule aligeuza pikipiki kuingia kwenye majani. Sikumbuki kitu kingine.

Niliamka hospitali, na Kakule alikuwa amekwisha kuzikwa. Karibu na kitanda alikaa Muhindo, macho mekundu. Akaniambia: "Shemeki, ni jeep ya basoda. Nani atabauliza?"

Kweli, nani angewauliza? Nililia huku nimemshika mikono. Bibi yake wa ndoa aliniletea uji kila asubuhi. Niliambiwa kwamba Muhindo ndiye aliyechimba kaburi kuliko wote. Nilimwombea baraka... mimi, kwa kinywa changu hiki.

Kisha mambo yakageuka. Mama mkwe aliacha kuja kuniona. Shemeki zangu, ndugu za Kakule, walifika wakasema wamesikia ukweli: Kakule alikunywa kasiksi kule ziwani, ile pombe ya ndizi, na mimi nilimsukuma akimbie ili samaki wafike sokoni mapema. Niliuliza nani amesema. Wakajibu: mtu aliyempenda Kakule kama ndugu.

Kakule hakuonja kasiksi hata kwenye harusi yetu. Lakini ningejibu nini? Mimi sikuona lolote isipokuwa chuma. Walichukua shamba letu la viazi Kipese. Ester alirudi kutoka shuleni analia, wamemwambia baba yake alikuwa mlevi aliyejiua mwenyewe. Muhindo aliyasikia hayo yote, akakaa kimya. Baadaye akahamia Beni.

Miaka ikapita. Siku moja alikuja kwangu mama mmoja, Mama Kahindo, muuza unga wa muhogo, anataka nimpunguzie rinda. Tulikuwa tunazungumza vizuri, mpaka akauona mguu wangu. Akaniuliza uliumia wapi. Nilipomwambia, akakaa chini.

"Mama, ni mimi nilikuwa yulu ya ile camion," akasema. "Tulikuwa juu ya magunia. Hapana jeep. Ilikuwa camion ya Muhindo."

Akanieleza. Vita ilifanya mafuta kuwa shida, na Muhindo alikuwa na tabia ya kuzima motere kule juu, camion iteremke yenyewe, ili mafuta yanayobaki ayauze. "Kakule alipika honi," akasema. "Nilisikia na masikio yangu. Muhindo naye alisikia. Tulipiga makelele asimame. Akawasha motere kule chini, akaendelea. Alituambia mwenye kusema, atamupeleka kwa basoda."

Wiki ile nilipanda gari kwenda Beni pamoja na Ester, ambaye alikuwa msichana mzima. Tulimkuta Muhindo uani kwake, bibi yake anachambua maharagi. Nilimweleza nilichosikia. Hakukana. Alisema tu: "Ilikuwa vita, Mama Ester. Batu mingi balikufa."

Neno lile lilinichoma kuliko mfupa uliovunjika. Nikamwambia: "Hapana kusema vita. Sema camion."

Ester akasogea mbele yake. "Parrain, ulinishika ku ubatizo. Niambie baba alikufa namna gani."

"Alipika honi mara mbili," akasema Muhindo. "Alikuwa ku upande wake. Ni mimi nilikuwa ku upande wake."

Bibi yake akaacha maharagi. Alikuwa hajui kitu, maskini, yeye na uji wake. Akamwambia bwana yake: "Kesho tunaenda Kipese. Utayasema mbele ya mama ya Kakule."

Akaenda kweli, akayasema, na kwamba ile habari ya kasiksi aliitunga yeye. Mama mkwe alinishika mkono. Shamba lilirudi nusu. Nusu nyingine shemeki mmoja amekwisha kujenga. Padri ananiambia nisamehe. Ninajaribu, lakini leo bado.

Ninyi wenye pikipiki, watoto wangu, nawasihi. Njia ikinyamaza, msidhani haina mtu. Kwenye kona simameni kabisa pembeni, sikilizeni, tazameni, na hata hapo ogopeni. Kakule alifanya karibu yote, na bado alikutana na mjinga anayeteremka bila motere.

Ninyi mashofere, je, mafuta ya kopo moja yana thamani ya baba wa watu? Acheni motere iwake. Na mkigonga mtu, simameni. Mbebeni. Msimzike mara ya pili kwa uongo.

Vita ilituua wengi huku kwetu, na kila mwenye dhambi alijificha nyuma yake. Bwana yangu hakuuawa na vita. Aliuawa na rafiki yake, mchana, akiwa upande wake wa barabara, akipiga honi.