Almasi za Bure

Jamani, kaeni kitako niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya dada yangu. Mwenye mtoto anayetengeneza vitu vya simu asikilize mara mbili.

Dada yangu ni fundi cherehani. Asubuhi moja nilimkuta ameketi mlangoni, cherehani kaifunika, simu mkononi, anacheka peke yake. Alikuwa anaendesha gari. Ndiyo, gari la kwenye simu, katika mchezo wa mbio alioutengeneza mwanawe, yule tunayemwita Injinia. Mchezo wenyewe wa bure, unaupakua bila kutoa hata senti. Injinia alimwekea mama yake kwa mkono wake, akauunganisha na pesa za mama za simuni, akazima kile kidirisha kinachouliza namba ya siri ili mama asisumbuke. Kisha akamwonyesha kitufe cha kijani.

"Mafuta ya gari yananunuliwa kwa almasi, mama. Almasi zikikuishia, bonyeza hapa, nakuletea nyingine."

Wiki ile zilikuwa za bure kweli. Dada alifurahi, na mimi nilifurahi kumwona kafurahi, maana alikuwa na presha ya macho. Daktari alishampangia tarehe ya operesheni. Pesa ya operesheni ilikuwa humo humo kwenye simu, tumeichanga sote, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuona ukungu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kule kazini, kwenye kampuni inayomlipa Injinia kutengeneza michezo, mkubwa wake akasema mchezo hauingizi kitu. Injinia, kichwa chake chepesi, akapata la kufanya. Akafanya mafuta yaishe ukiwa unauona kabisa mstari wa mwisho. Na kile kitufe cha kijani, kile kile, akakigeuza kiwe cha kununulia. Bei hakuiandika kwa pesa. Aliandika "almasi mia tano", basi. Kazini wakampigia makofi.

Dada akaendelea kubonyeza. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, kila zikifika alimwandikia mwanawe: "Asante baba, almasi zimefika." Injinia, kazi zimemzidi, anajibu: "Karibu mama." Hakuuliza hata siku moja ni almasi zipi.

Siku ya operesheni tulifika hospitali watatu. Mhudumu wa dirisha la malipo alijaribu kukata pesa mara ya kwanza, akajaribu ya pili.

"Mama, salio halitoshi. Hata robo haifiki."

Injinia aliichukua simu, akaitazama, akanigeukia mimi. Mimi.

"Mama mdogo, si wewe unayemshikia simu akiwa anashona?"

Nilihisi damu inanipanda kichwani. "Nimekubeba mgongoni wewe, leo unaniita mwizi mbele za watu? Fungua orodha ya malipo. Soma kwa sauti, kila mtu asikie."

Akafungua. Akasoma jina la aliyepokea pesa, la kwanza. Akasoma la pili. Lilikuwa jina moja, mstari kwa mstari, na lilikuwa jina la kampuni anayofanyia kazi. Kufika mstari wa sita akaishusha simu.

Dada alimshika mkono. "Si zile ulizokuwa unaniletea, baba? Mbona nilikuwa nakushukuru kila mara?"

Injinia alikaa chini pale pale sakafuni. Niseme ukweli, sikumwonea huruma hata kidogo.

Alikimbia huku na huku, kesho yake pesa ikapatikana. Lakini daktari wa macho huja pale kwa zamu, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Tukaambiwa tusubiri wiki sita. Wiki hizo zilipokwisha daktari akamfanyia operesheni, jicho la kulia likaokolewa. La kushoto lilikuwa limeshazima.

Injinia alikwenda kwa mkubwa wake kumwomba waondoe ule mtego.

"Hakuna aliyelazimishwa," mkubwa akamwambia.

"Mama yangu hakulazimishwa. Alishukuru."

Pesa za dada zikarudishwa upesi sana, ili mdomo wa Injinia ufungwe. Mtego ukabaki. Injinia akaacha kazi.

Leo ana mchezo wake mwingine wa mbio, wa bure pia. Mafuta hayanunuliwi humo. Anauza rangi za magari na barabara mpya, vitu visivyomfanya mtu ashinde wala ashindwe. Anayependa kutazama tangazo apate zawadi anatazama, asiyependa anaendelea na mbio zake. Bei iko kwa pesa halisi, namba ya siri inaulizwa kila mara, na ukifika kiwango cha manunuzi cha mwezi mchezo wenyewe unakukatalia kununua. Kipato ni kidogo, lakini anakula.

Wa kwanza kuujaribu alikuwa mama yake. Alishinda mbio mbili, akataka gari lake liwe la kijani. Akasogeza simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha tena.

"Hapa umeandika bei gani, baba?"

Injinia akamsomea.

"Basi andika kubwa zaidi. Mimi nina jicho moja."

Akaandika kubwa, mbele yetu, huku akijifuta machozi kwa mkono wa shati.

FUNZO

Kuuza si dhambi, na anayetengeneza mchezo ana haki ya kula kwa jasho lake. Lakini uza kitu ambacho mnunuzi anajua amekinunua, kwa bei anayoiona, na umwache ashinde bila kukulipa. Kabla hujaweka kitufe kwenye simu za watu, kiweke kwanza kwenye simu ya mama yako, kisha kaa umtazame akikibonyeza. Na nyie wazazi, mkipewa cha bure, ulizeni kinatoka mfukoni mwa nani. Dada yangu hakuuliza, kwa sababu aliyempa alikuwa mwanawe.