Herufi Saba za Katikati

Nilikuwa nimemaliza herufi ya saba ya jina lake simu ilipoanza kutetemeka juu ya meza. Nilipuliza vumbi la shaba, nikaweka kalamu ya chuma pembeni, nikapokea kwa kidole kidogo. Vingine vyote vilikuwa vyeusi.

"Fundi, umefika wapi?" Alikuwa katibu wa klabu ya riadha.

"Katikati."

"Katikati ya jina au ya kazi?"

"Vyote viwili, Katibu. Mimi huanza katikati."

Ndivyo nilivyojifundisha. Nilipoanza kazi ya kuchonga majina kwenye vikombe na vibao, niliharibu mabamba matatu kwa kuanzia kushoto. Jina likikaribia kulia nafasi inakwisha, herufi ya mwisho inajikunja kama mtu aliyekosa kiti. Siku hizi nahesabu herufi kwanza, natafuta ya katikati, natoka hapo kwenda pande zote mbili. Ndiyo maana jina ambalo halijaisha, mezani kwangu, halina kichwa wala miguu.

"Basi simama hapo hapo," Katibu akasema. "Habari imevuja. Tangu asubuhi simu yangu haijapoa. Kila mtu anauliza kama ni kweli bingwa wetu wa mita elfu tano amekutwa na dawa kwenye mkojo."

"Na mnawajibu nini?"

"Tunawaambia kamati inakaa kesho saa kumi jioni. Nusu yao wanasema mtu anayeshukiwa hajawa mkosaji, jina lipande ubaoni Jumamosi kama tulivyopanga. Nusu wanasema ule ni ubao wa heshima, heshima haikopeshwi mtu kwa matumaini kwamba atakuja kuonekana safi."

"Na wewe?"

"Mimi kazi yangu kufungua mlango wa ofisi na kuufunga." Akacheka kidogo. "Andaa bamba jingine la yule aliyetoka wa pili, likae tayari. Na, fundi, najua huyu ni mchumba wako. Pole sana, mwanangu."

"Asante, Katibu."

Nilikata simu nikabaki nimeikodolea macho. Nilikuwa nimepewa pole na nimeipokea, mimi, ambaye kati ya watu wote waliokuwa wakibishana siku hiyo ndimi peke yangu niliyekuwa na jibu. Lilikuwa kwenye droo ya meza yangu, chini ya karatasi za msasa.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu ile barua ya maabara. Mchumba wangu alikuja nayo hapa hapa karakana, akanisomea akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu cha mwingine. Alipofika kwenye jina la dawa alikwama, akanionyesha. "Fundi, wewe mzoefu wa majina. Hili linasomwaje?"

Sikulisoma. Nililihesabu, kama ninavyohesabu kila jina linaloletwa mezani. Herufi kumi na mbili. Nilikuwa nimeshawahi kulihesabu jina lile, nikiwa nangoja chai ichemke, kwenye boksi la vidonge nilivyoandikiwa na daktari kwa ajili ya kifua changu. Vumbi la shaba halina urafiki na pumu.

"Silijui," nikamwambia.

Sasa ilikuwa saa nane na nusu mchana. Alikuwa ameniambia atapita saa tisa, nami nilijua maana yake ni saa kumi na kitu. Wenzake wanamwita Saa Mbovu. Uwanjani hakuna anayemshika, lakini nje ya uwanja akikuambia "dakika kumi nipo", unaweza kupika, ukala, ukaosha na vyombo. Mlango ulipogongwa saa tisa kamili, nilidhani ni mteja.

"Umewahi," nikasema.

"Sina pa kuchelewea. Mazoezini hawanitaki." Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akatoa daftari jipya kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekonda usoni. "Nataka uniandikie kitu. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku amepita na haraka zake."

"Kitu gani?"

"Maelezo yangu ya kesho. Nimeshayapanga kichwani, wewe andika tu."

Nilinawa mikono. Nilinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikakaa, nikafungua daftari, yeye akaanza kusema polepole, akiangalia dari.

"Andika: Mimi sijawahi kutumia dawa ya aina yoyote. Hata nikiwa na mafua sinywi kidonge. Siku ya kupimwa nilijaza fomu kwamba sijatumia kitu, na nilijaza kweli."

Niliandika.

"Andika: Wiki ile ya mashindano nilikuwa na kikohozi. Sikutumia dawa. Kilipungua chenyewe."

Niliandika. Mkono wangu ulikuwa thabiti, nao ndio ulionitia aibu zaidi. Ungetetemeka ningejiona mtu.

"Andika: Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akishika chupa yangu ya maji. Alikuwa nayo mazoezini na alikuwa nayo siku ya mbio. Mtu huyo ni kocha wangu."

Kalamu ikasimama.

"Umeandika?"

"Bado."

"Andika. Kocha wangu."

"Ulishamwambia yeye mwenyewe?"

"Siku ile ile ya barua. Mbele ya wote pale uwanjani. Nilimuuliza amenitilia nini kwenye maji, akaniangalia tu. Hakujibu. Akaokota koni zake akaondoka. Mtu asiye na kosa angejibu."

"Au angeokota koni zake akaondoka."

"Fundi, uko upande gani?"

Kocha ndiye aliyetukutanisha. Miaka minne iliyopita alinileta uwanjani kupima ubao, akamwita huyu, akamwambia, "Njoo umshikie dada futi, na kwa mara ya kwanza maishani mwako usichelewe." Tangu nimjue, mzee yule hajawahi kuja karakana kwangu bila kuuliza kama nimefungua dirisha vumbi litoke.

Niliweka kalamu juu ya daftari.

"Siwezi kuliandika jina lake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si yeye."

"Umejuaje?"

Nilivuta droo. Niliondoa karatasi za msasa, nikatoa boksi, nikaliweka mezani kati yetu, upande wenye jina ukimwangalia yeye. Halafu nikatazama mikono yangu.

Alilisoma bila kugusa. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa naye anahesabu.

"Hivi ni vyako," akasema.

"Ni vyangu."

"Vimefikaje kwangu?"

"Kwenye chai."

Nje kulikuwa na mtu anaburuta kitu kizito, chuma juu ya sementi. Tulingoja kipite, kama watu wanaongoja mgeni aondoke.

"Vingapi?"

"Viwili kwa siku. Siku nne."

"Na siku ya mbio?"

"Asubuhi yake. Vya mwisho."

"Nilikuambia chai chungu."

"Ulisema nimezidisha tangawizi."

"Ukaongeza sukari."

"Nikaongeza sukari."

Alisimama, akaenda hadi dirishani, akarudi. "Ulikuwa hujui? Niambie ulikuwa hujui, nitakuelewa. Kila mtu atakuelewa."

Alikuwa ananifungulia mlango, na ulikuwa mlango mpana. Ningepita.

"Sikujua kwamba ni kosa," nikasema. "Nilidhani marufuku ni zile sindano za kutia watu misuli, siyo vidonge vya mgonjwa. Ulikuwa unakohoa mpaka unashika ukuta, na kikombe unakitaka tangu nikujue. Lakini nilijua kitu kimoja. Nilijua nikikuambia utakataa. Ndiyo maana nilivisaga."

"Ulivisaga na nini?"

"Na kitako cha nyundo yangu ndogo. Niliifuta kwanza."

Hakucheka, wala mimi sikutaka kuchekesha. Nilikuwa nasema jinsi ilivyokuwa.

"Na siku ya barua ukaniambia hulijui."

"Nilikuambia silijui."

"Siku tisa, Fundi. Siku tisa nimelala naangalia dari nikimhesabu kila mtu aliyenisogelea. Mama yangu nimemshuku. Unaelewa? Nilimpigia mama kumuuliza kuhusu chakula chake."

"Naelewa."

"Wewe peke yako sikukuhesabu."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa siku tisa, na yote yalikuwa ya kujitetea. Hakuna hata moja lililofaa kutolewa.

Alichukua simu yake, akaiangalia muda, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Iliita mpaka nikadhani haitapokelewa.

"Sema," sauti ya Kocha ikatoka.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Kama umepiga kuniongezea lawama, nipe dakika nikae chini kwanza."

"Kocha, hukuwa wewe. Nimejua. Naomba... sijui hata naomba nini."

Kocha akauliza, "Nani?"

Aliniangalia. Angeweza kujibu. Aliniachia mimi.

"Ni mimi, Kocha," nikasema. "Vidonge vyangu vya kifua. Nilimtilia kwenye chai akiwa hajui. Na nikanyamaza wakati wewe unatukanwa."

Nilisikia akivuta pumzi ndefu. "Siku nane sijaenda uwanjani," akasema. "Mke wangu ananiuliza kama ninaumwa, namwambia mgongo. Mgongo wangu hauna tatizo. Binti, umenichoma. Nakuambia ili ujue, sikuambii ili ulie."

"Silii, Kocha."

"Vizuri. Na wewe, Saa Mbovu."

"Naam."

"Mbele ya watu ulinishutumu. Mbele ya watu utanisafisha."

"Kesho, kwenye kamati. Na kesho kutwa uwanjani, wakiwepo wote."

"Usichelewe."

"Sichelewi." Akasogea karibu na simu. "Kocha, kama watakubali kwamba sikujua, jina langu litakaa ubaoni?"

"Unaniuliza mimi? Mbio nani alikimbia?"

"Mimi."

"Na kile kifua kilichokufikisha mzunguko wa mwisho bila kukohoa, kilikuwa cha nani?"

Macho yake yalikwenda kwenye lile boksi.

"Basi usiisumbue kamati kwa swali ulilokwisha kulijibu," Kocha akasema, akakata.

Alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alitazama bamba lililokuwa limebanwa kwenye jiliwa, zile herufi saba zikimetameta, hazianzi popote, haziishii popote.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe. Katikati yako."

"Nimezichonga kwa macho herufi hizi tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nafika uwanjani nasoma ule ubao wote, nikipima jina langu litaenea wapi." Alipitisha kidole juu yake. "Wataniona sina kosa, Fundi. Labda watanipunguzia na adhabu. Lakini sina kosa ni kitu kimoja, na nimeshinda ni kitu kingine. Yule wa pili alikuja nyuma yangu hatua tatu. Alikuwa na kikohozi au hakuwa nacho, sijui. Ila alikimbia na kifua chake."

"Naweza kuligeuza," nikasema taratibu. "Bamba lina pande mbili. Namchonga yeye mbele, zako zinabaki nyuma, zinaangalia mbao. Mafundi hufanya hivyo. Hakuna atakayejua."

Aliniangalia mpaka nikainamisha uso.

"Hata sasa bado unataka kunificha kitu mahali," akasema. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu angesema kwa hasira. "Zifute."

Nilichukua tupa. Nilianza na herufi ya pembeni kabisa. Shaba haifutwi kama ubao wa darasani. Unaikwangua mpaka uso mzima ushuke kufikia kina cha kosa lako, na mimi huchonga kwa kina. Alinishikia taa bila kuambiwa. Herufi moja ilinichukua karibu saa nzima, na kabla haijaisha kifua kilianza kubana, nikawa navuta pumzi kwa mafungu.

"Umekunywa vidonge vyako leo?" akauliza.

Nilitikisa kichwa.

"Jana?"

"Tangu barua ije sijavigusa."

Aliweka taa chini. Alifungua boksi, akasoma maelezo kwa umakini wa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, akatoa viwili. Akajaza maji kwenye kikombe cha karakana, akanipa. Alisimama akaniangalia nikimeza, akaufungua na mkono wangu kuhakikisha hakijabaki kitu, kama wanavyofanyiwa wao wakati wa kupimwa.

"Sijui kama nimekusamehe," akasema.

"Sijakuomba. Sina haki hiyo leo."

"Kwenye kamati nani atasema?"

"Nitasema mimi. Wewe utakaa."

"Na kule kwenu, kwa wazazi? Mambo yetu ya ndoa?"

"Nitaanza na kamati. Nikiweza kusimama pale, nitaweza na kwingine."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akachana ule ukurasa wa daftari, akaukunja mara mbili na kuuacha mezani kwangu. Nilielewa ni wa kwangu kuuandika upya.

Simu ikalia, ujumbe wa Katibu: "Fundi, lile bamba la wa pili vipi? Niwaambie nini?"

Nikamjibu: "Waambie nakuja kesho saa kumi mwenyewe. Nina maelezo. Yeye hakujua kitu."

Nilifuta kidole, nikatuma. Kisha nikafunika bamba kwa kitambaa. Herufi sita zilikuwa zimebaki.

"Zitakwisha?" akauliza akiwa mlangoni.

"Nikianza asubuhi, zitakwisha kabla ya kamati. Nikipata wa kunishikia taa."

Alilitazama lile bamba lililofunikwa.

"Saa mbili," akasema.

"Saa mbili yako au saa mbili ya watu?"

"Ya watu," akajibu, akaenda kufungua dirisha kabla ya kutoka.